Si Huko Ni Noma?

Swali lenyewe niliulizwa mezani, Sagana, tukiwa bado tunachuruzika maji. Asubuhi tulikuwa tumepanda zile pikipiki za magurudumu manne, tukarusha matope mpaka hakuna aliyejua tena shati lake lilikuwa rangi gani. Baadaye tukavishwa helmeti na majaketi ya kuokoa maisha, tukaingizwa mtoni kwa boti la mpira, watu saba na kiongozi mmoja, tukashuka maporomoko huku tukipiga mayowe. Sasa tulikuwa tunakula nyama choma, kila mtu akisimulia vile nusura afe. Msee mmoja, kijana mpole tu, akaniuliza kwetu ni wapi.

"Garissa."

Akaacha kutafuna. "Eish. Si huko ni noma?"

Nilicheka, kwa sababu hicho ndicho tunachofanya tukiulizwa hivyo. Jibu lilinijia usiku nikiwa kwenye matatu ya kurudi Nairobi, na kwa vile sina namba yake, nitalitoa hapa.

Kwanza niseme ukweli wangu. Mimi sikulipa. Naandika kwa vibarua, chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokosekana, na siku kama ile inagharimu pesa ambayo kwetu inanunua mbuzi. Rafiki yangu alikuwa na siku ya kuzaliwa na kazi nzuri, akatulipia wote. Na nilifurahi. Sitajifanya kwamba nilikaa kwenye boti nikiwaza dhuluma za dunia. Nilipiga mayowe kuliko wote.

Lakini fikiria yule kijana alikuwa amefanya nini siku hiyo. Alikuwa ametia sahihi fomu inayosema anajua anaweza kuumia au kufa. Alikuwa amelipa ili atupwe kwenye maji yanayochemka kati ya mawe. Alikuwa amefurahi kiongozi alipotuambia tuna bahati, mvua imenyesha milimani na mto umejaa vizuri. Kisha, akiwa na fupa mkononi, akaniuliza kama kwetu si hatari.

Kwetu ni mto huo huo, bro. Ule uliokuwa unapita mita thelathini nyuma ya kiti chako.

Jiografia yake ni ya darasa la tano, ila tuliisoma tukaisahau. Tana inaanza kwenye milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Inapita Sagana ikiwa bado kijana mwenye fujo. Inaingia kwenye mabwawa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na umeme unaotoka hapo ni sehemu ya ule uliochaji simu unayosomea makala haya. Halafu inateremka kwenye nchi kavu, inapita Garissa, Hola, Garsen, na kuingia Bahari Hindi karibu na Kipini. Ndio mto mrefu kuliko yote Kenya. Kwa wengi wa wanaokwenda Sagana kujiburudisha, unaishia mahali boti linapovutwa nchi kavu.

Sasa fuata yale maji mazuri tuliyosifiwa. Mvua ikiendelea kunyesha milimani, Masinga linajaa. Likijaa linamwaga, na bwawa linalofuata linapokea na kumwaga, mpaka la mwisho. KenGen hutoa tangazo kwamba wanaoishi chini ya mto wahamie sehemu za juu. Siku chache baadaye maji yanafika kwetu. Garissa yenyewe inaweza kuwa haijaona tone, jua linachoma, vumbi liko palepale, na bado mto unapanda ukingo na kuingia Ziwani na Bakuyu. Unachukua migomba, unachukua nyanya, unachukua pampu ya maji ambayo mtu amekopa pesa kuinunua. Watu wanabeba magodoro kichwani chini ya jua kali kukimbia mvua ambayo hawakuiona.

Kwa hiyo msimu ambao boti la mpira linauzika Sagana ndio msimu ambao sisi tunahama. Sisemi waliopanda boti wameleta mafuriko. Nasema maji ni yale yale, na hatari ni ile ile. Juu inauzwa pamoja na jaketi na chakula cha mchana. Chini unapewa bure, bila jaketi.

Niliivuka mwenyewe. Novemba 2023, wakati wa mvua za El Niño, ayeyo wangu aliugua na hooyo akanipigia simu nirudi nyumbani. Nikapanda basi Eastleigh. Karibu kilomita 370 za lami, na zote zikawa bure tulipofika karibu na Kona Punda, kwa sababu barabara kuu ilikuwa imelala chini ya maji. Basi likasimama. Kondakta akasema ambaye anaendelea avuke kwa boti, magari yako ng'ambo. Nauli ya boti ilikuwa inapanda kila saa.

Boti lilikuwa la mbao. Ndani mlikuwa na kina mama na watoto, magunia ya mchele, friji ndogo, na mzee aliyekumbatia mbuzi. Nikamuuliza mwenye boti kama ana jaketi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za theluji, kisha akanionyesha mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia. "Shika huo," akasema. Hakuwa ananicheka. Ndio uliokuwa mpango wa usalama, na ulikuwa mmoja kwa boti zima. Nikampa mama aliyekuwa na mtoto mgongoni. Hakuna aliyepiga mayowe. Nilisikia injini, na mzee akisoma dua polepole. Kule mbele nguzo za barabara zilikuwa zimetokeza vichwa tu, na kila mtu kwenye boti lile alijua kwamba Tana ina mamba.

Tulifika salama. Miezi mitano baadaye, mahali hapo hapo, wengine hawakufika. Jumapili tarehe 28 Aprili 2024, boti lililojaa watu lilizama Kona Punda. Kuna video. Huenda uliiona, kwa sababu ilizunguka nchi nzima: boti linainama, watu wanamwagika, sauti ya anayerekodi inakatika. Msalaba Mwekundu ulisema watu 23 waliokolewa. Miili ya wengine ilitafutwa siku zilizofuata. Mwezi huo huo, si mbali na hapo, basi lilikuwa limesombwa na mafuriko na abiria zaidi ya 50 wakaokolewa, wengine wakiwa wamepanda juu ya paa.

Kilichoniuma zaidi ni swali lililofuata ile video. "Na walipanda kwa nini?" Nilisoma hilo mara nyingi sana wiki ile, limeandikwa na watu wa rika langu, watu wenye akili zao. Walipanda kwa sababu barabara ni moja. Kuna mgonjwa ng'ambo, kuna mtihani, kuna mchele unaotakiwa dukani, kuna maiti inayosubiri kuzikwa. Yule wa Sagana aliyepanda boti kwa sababu Jumamosi ilikuwa inaboesha haulizwi kwa nini alipanda. Anaitwa jasiri na anapigwa picha. Wa Kona Punda anaitwa mjinga, na akifa anaitwa mkaidi.

Hii tabia ina historia, na si ndefu kuieleza. Mwaka 1934 serikali ya mkoloni iliweka sheria ya wilaya maalum, na kaskazini ikawa mahali pa kuingia na kutoka kwa kibali. Uhuru ulipokuja, hali ya hatari ilitangazwa huku mwishoni mwa 1963 na haikuondolewa mpaka 1991. Katikati ya hapo, mwaka 1965, serikali yetu wenyewe iliandika kwenye Waraka namba 10 kwamba pesa za maendeleo ziwekwe kule zitakakoleta faida kubwa zaidi, yaani kwenye mvua, rutuba na reli. Kaskazini haikuwa na hata kimoja. Mpaka leo abti yangu akisafiri kuja Nairobi anasema "naenda Kenya." Hana nia ya kuchekesha. Ameishi miaka yote hiyo na anaeleza alichokiona.

Ndiyo maana neno "hatari" likitajwa na Garissa, watu hufikiria bunduki tu. Siwezi kukataa kwamba bunduki zilikuja. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na hakuna mtu wa mji ule anayehitaji kukumbushwa. Lakini hatari ile ina vizuizi vya barabarani, ina bajeti, ina maonyo ya balozi za kigeni. Hatari ya mto inarudi mvua hadi mvua na haina hata jaketi.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo nianze nayo.

Mtu atasema nachukia raha. Hapana. Nawaheshimu viongozi wa boti wa Sagana kuliko wanavyojua. Wale vijana wanausoma mto kama mtu anavyosoma ujumbe wa simu. Kabla hujagusa kasia wamekufundisha ukianguka ulale chali, miguu mbele, usijaribu kusimama. Wana kamba za kurusha, wana mwenzao kwenye kayaki ndogo anayesubiri chini ya poromoko akuokote. Nilianguka mara moja, na sijui kama nilihesabu hadi kumi kabla mtu hajanishika bega. Hapo ndipo hasira yangu inapoanza. Wakenya wanajua jinsi ya kumtoa mtu hai kwenye Tana. Ujuzi upo, vifaa vipo, na wanaovitumia ni vijana wa nchi hii hii. Ila mpaka sasa vimetengwa kwa wanaocheza.

Mwingine atasema basi leteni utalii Garissa, na nyinyi mpate pesa. Kuna watu wa kwetu wanaosema hivyo, na nawaelewa. Tuna twiga Bour-Algi, nje kidogo tu ya mji, wanaotembea kwenda mtoni jioni. Tuna Ishaqbini kule Ijara, ambako analindwa hirola, swala ambaye hapatikani mahali pengi duniani. Karibuni. Lakini msituletee pikipiki za magurudumu manne zikawafukuze hao twiga kwenye njia yao ya maji, na msitujengee gati la watalii kabla ya kutujengea kivuko cha watu. Sitaki kuona mgeni aliyevaa jaketi la rangi ya chungwa akipita kando ya mama aliyeshika mtungi.

Wa tatu atasema serikali haina pesa. Barabara iliyoinuliwa pale Kona Punda ni ghali, nakubali, ingawa pesa zinazotumika kila mara kuokoa, kulisha na kuhamisha watu nazo si kidogo. Lakini jaketi? Tuna mamlaka ya usalama wa vyombo vya majini, KMA. Tangu 2018 tuna kikosi cha walinzi wa pwani ambao kazi yao inafika hadi maji ya bara. Mafuriko haya hayatuvamii usiku. Yanatangazwa, yanasafiri siku kadhaa, yanapita mabwawa matano yenye vipimo. Hakuna jambazi anayekupigia simu kuanzia Masinga kukwambia amefika Kindaruma.

Kwa hiyo madai yangu ni mafupi. Kabla ya kila msimu wa mvua, majaketi yawe Kona Punda na kwenye kila kivuko kinachojulikana, na boti lisiloyatoa lisiondoke. Vijana wa mtoni, Wapokomo, Wamunyoyaya, Wasomali, wanaoogelea Tana tangu utotoni, wafundishwe uokoaji na walipwe, na kama walimu wanatafutwa, wako Sagana. Tangazo la bwawa kujaa litolewe kwa Kisomali na Kipokomo, redioni na kwenye vipaza sauti vya misikiti, mapema kiasi cha mtu kuokoa pampu yake. Na barabara iinuliwe. Hilo la mwisho tumelisema mpaka sauti zimekauka, lakini nalisema tena.

Na wewe unayesoma hii ukipanga fomu ya wikendi: nenda. Vaa helmeti, tia sahihi, piga mayowe. Ila kiongozi akikwambia mko na bahati, mto umejaa vizuri, muulize maji yakitoka hapo yanaenda wapi. Anajua. Halafu itakapokuja video nyingine, usiulize walipanda kwa nini.

Ayeyo alipona, alhamdulillahi. Nilipomsimulia kwa simu habari za Sagana, kwamba watu wanalipa kushuka Tana kwa boti, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Na wote walikuwa na lile jaketi?"

Wote, ayeyo. Hata mimi.