Jasho la Mfanyabiashara Mdogo Lilindwe

Mwizi wa zamani alivunja mlango usiku, na mbwa wakambwekea. Mwizi wa leo hana haja ya mtaimbo. Huingia dukani mchana kweupe kwa njia ya simu, humwamkia mwenye duka kwa adabu na kumwita kwa jina lake, kisha huondoka na mtaji wake wote. Jambo hili halivumiliki, nasi twaona ni wajibu wetu kulisema waziwazi.

Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007, na kufika Tanzania mwaka 2008, wachuuzi, mama lishe na mafundi wamepata manufaa ambayo hapana awezaye kuyakana. Lakini njia ipitayo neema ndiyo hiyo hiyo apitayo mnyang'anyi.

Hila zake zajulikana. Hutuma ujumbe kusema, "Ile hela itume kwenye namba hii," akitumaini kumpata mtu aliye na deni la kulipa. Hughushi ujumbe wa malipo, akachukua bidhaa. Au akapiga simu kulia kwamba amekosea namba, arudishiwe fedha ambazo hakuzituma kamwe. Mara nyingine hujifanya mtumishi wa kampuni ya simu na kuomba namba ya siri. Wakala ndiye aumiaye zaidi, kwa maana fedha aliyonayo mara nyingi ni ya mkopo, na hasara ya siku moja hula kamisheni ya miezi mingi.

Wako wasemao kwamba wajinga ndio waliwao. Sisi twakataa neno hilo. Namba ya mwenye duka imeandikwa ukutani ili wateja wamlipe, na jina lake huonekana kwa kila anayetaka kumtumia fedha. Basi mwizi huanza akimjua, naye mwenye duka hamjui mwizi. Isitoshe, yu peke yake, na wateja wamepanga foleni mbele yake. Kumcheka mtu wa namna hiyo ni kumsaidia aliyemwibia.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeyafanya kuwa jinai kughushi, kulaghai na kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mitandao. Tena mwaka 2019 wananchi walianza kusajili laini zao kwa alama za vidole, na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Kwa hiyo kila namba itumiwayo kuiba ina alama ya kidole cha mtu. Ama mtu huyo ni mwizi, ama kidole chake kilitumiwa bila yeye kujua. Katika hali zote mbili yuko aliyeisajili laini ile, naye lazima aulizwe.

Twadai mambo mawili. Kwanza, kampuni za simu, ambazo hutoza ada katika miamala hii, zisimwachie mnyonge mzigo wote. Malalamiko yakifika, fedha izuiwe papo hapo, kwa kuwa mwizi huihamisha na kuitoa katika muda wa dakika chache. Pili, vituo vya polisi vipokee shauri la shilingi elfu hamsini kwa uzito ule ule wa shauri la milioni hamsini. Kwa muuza mboga, elfu hamsini ndiyo biashara yenyewe.

Hata hivyo, mlinzi wa kwanza wa duka ni mwenye duka. Asitoe bidhaa wala kurudisha fedha kwa kusoma ujumbe tu. Atazame kwanza salio lake. Namba ya siri asimpe mtu yeyote, hata mtumishi wake wa dukani. Ujumbe wa kitapeli aupeleke kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, na abonyeze *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kila jioni aandike hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, kazi hii si ya mtu mmoja mmoja. Katika kila tawi, kila soko na kila chama cha ushirika, hila hizi na zielezwe hadharani, na aliyeibiwa aseme bila kuona haya, ili jirani yake asiibiwe kesho kwa hila ile ile. Mwizi hutegemea mambo mawili: haraka yetu na aibu yetu. Tukimnyima yote mawili, atakuwa amepoteza zana zake. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.