Tathmini ya Somo Ambalo Halijafundishwa

Ijumaa jioni wiki iliyopita, steshenari moja ya Nyegezi, Mwanza, si mbali na stendi ya mabasi, ilikuwa imefurika wanachuo wa ualimu. Jumatatu walikuwa wanaingia shuleni kwa BTP, yale mafunzo kwa vitendo. Kijana wa kompyuta hakuwa na maneno mengi. "Somo gani? Kidato cha ngapi?" Akishajibiwa anafungua faili, anafuta jina la mwalimu aliyepita na la shule yake, anaandika mapya, na printa inaanza kutoa maandalio ya somo ya mwezi mzima.

Mwandishi wa safu hii alikuwa amefuata fotokopi ya kitambulisho tu. Dada aliyemtangulia kwenye foleni hakuona cha kuficha, akampa moja asome. Biolojia, kidato cha kwanza, dakika 80, Jumanne ijayo. Kwenye jedwali la juu: walioandikishwa 62, waliohudhuria 58, wasichana 31, wavulana 27. Chini kabisa, penye tathmini, ilikwisha kuandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba wanafunzi 50 wameelewa somo na waliobaki watasaidiwa.

Jumanne yenyewe haijafika. Hao wanne wasiohudhuria ni akina nani? Na hao wanane walioshindwa kuelewa, walishindwa wapi?

"Msimamizi akija anaanza na faili, baba," dada akaeleza kwa upole. "Faili likikamilika umepona."

Wasomaji wanaujua ugomvi wa siku nyingi kati ya safu hii na urasimu wa mihuri. Lakini muhuri wa ofisini humchelewesha mtu mzima, naye anaweza kurudi kesho. Faili hili linamwibia mtoto. Wala lawama si ya dada yule, ambaye amelipa hela yake kupata kile ambacho chuo kitampa alama. Lawama ni ya waliogeuza mazoezi ya kufundisha kuwa mazoezi ya kujaza makaratasi, na chanzo chake ni kimoja: karatasi hukaguliwa kwa dakika tano, darasa linahitaji mtu aketi.

Na darasa lenyewe si mchezo. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza ana miaka 13 au 14. Katika shule nyingi za serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Januari inafika, anakuta fizikia, kemia na jiografia zote zimegeuka Kiingereza. Mtoto wa Kirumba amekua akiona dagaa wakianikwa mchangani. Anajua jua likiwaka hukauka mapema, na kukiwa na mawingu huoza na mama akala hasara. Mwandikie ubaoni habari za mvukizo kwa Kiingereza kitupu, atanakili kila herufi kwa mwandiko mzuri na asitambue kwamba unamweleza dagaa wa mama yake. Kumfikisha hapo ndiyo kazi ya ualimu, na haimo katika faili la steshenari. Hujifunzwa kwa kukosea mbele ya watoto huku mtu mzoefu akiangalia, kisha akuambie ulipompoteza mtoto wa dawati la tatu.

Nchi hii imewahi kupeleka darasani watu ambao hawajaiva. Azimio la Musoma la 1974, lililopitishwa hapa hapa kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, na walimu wa mpango huo, UPE, wakapatikana mbio mbio. Katikati ya miaka ya 2000, shule za kata zilipoota kila mahali, wahitimu wa kidato cha sita walipigwa msasa kwa wiki chache wakaitwa vodafasta. Wale walikuwa na udhuru, nchi ilikuwa na haraka. Mwanachuo wa leo anakaa chuoni miaka, halafu sehemu moja ya mafunzo ambayo haiwezi kufanywa na mtu mwingine inachapwa dukani.

Wasimamizi wasiofika madarasani walizoea kusingizia kivuko. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la Magufuli kutoka Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 za lami, mwalimu wa BTP aliyeko Sengerema anafikiwa na kurudi siku hiyo hiyo. 

Wapo watakaosema ya nini kuhangaika, ajira zenyewe hakuna. Ni kweli nafasi 14,648 zilizofanyiwa usaili kuanzia Januari 2025 ziliombwa na watu zaidi ya laki mbili, na mwaka huo huo wahitimu wasio na kazi wakaunda umoja wao, NETO. Lakini mtaala mpya ulioanza 2024 umefupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Baadhi ya walimu watakaowapokea wako vyuoni sasa hivi.

Basi wanaopanga BTP ijayo waliondoe faili kwenye fomu ya alama. Msimamizi aketi dawati la nyuma dakika zote 80, kisha aokote madaftari kumi ya watoto na kuyasoma pamoja na mwanachuo, ukurasa kwa ukurasa. Asiye na muda huo asisaini fomu ya posho ya safari.