MALI BILA DAFTARI

Ndugu wapenda haki, wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Machi 2013, serikali za kaunti ziliposhika hatamu, Baraza la Manispaa ya Kitui, Baraza la Mji wa Wote na mengineyo yalitoweka, yakaacha urithi wa namna mbili. Wa kwanza ulionekana kwa macho: majengo, magari na masoko. Wa pili ni karatasi: kumbukumbu za mikutano, orodha za viwanja na mikataba ya kodi. Wa kwanza haukukosa wa kuugombania. Ni nani aliyeuulizia wa pili?

Karatasi hizo ndizo zinazoshuhudia soko lilipimwa hadi wapi, kiwanja kipi kilitengewa zahanati, na diwani yupi aliunga mkono kigawiwe mtu binafsi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilifichua jinsi mabaraza nchini yalivyoigawa kinyume cha sheria ardhi ya umma yaliyokabidhiwa kuilinda. Mnyakuzi hucheka mkutanoni, lakini hutetemeka mbele ya muhtasari uliotiwa sahihi.

Watatuambia yaliyopita si ndwele. Waumini, kisomeni Kitabu cha Ezra. Wayahudi walipokuwa wakilijenga upya hekalu, liwali Tatenai aliwauliza ni nani aliyewapa amri. Mfalme Dario hakuhukumu kwa uvumi. Aliagiza nyaraka zitafutwe, na hati ya Koreshi ikapatikana Akmetha. Ujenzi uliendelea kwa kuwa kulikuwa na aliyeitunza hati.

Nasi tunayo hati yetu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka 2016 inapokea ombi lililoandikwa kwa Kiswahili, bila ada ya kuliwasilisha, na inataka lijibiwe ndani ya siku 21. Anayenyimwa ana Tume ya Haki za Kiutawala ya kumlilia.

Kwa hiyo tunazitaka serikali za Kitui na Makueni zitangaze orodha kamili ya nyaraka zilizorithi, zizihifadhi salama na kuzifungua kwa wananchi. Nanyi, kamati za haki na amani makanisani, andikeni maombi hayo, mkianza na soko lililo karibu nanyi. Kiongozi asiye na la kuficha hatakosa ufunguo wa kabati.