UBAO WA GARI LA BABU USITUPWE

Naomba nitoe maoni juu ya jambo lililozua ubishi kwetu likizo iliyopita.

Babu yangu, akaaye Kajiado, ana gari aina ya Triumph Herald 1200 la mwaka 1966. Dashibodi yake si ya plastiki. Ni plaiwudi iliyofunikwa kwa vinia, yaani utando mwembamba wa mbao nzuri. Jua la Kajiado limeichoma miaka mingi. Vanishi imebambuka na vinia imeinuka kandokando ya mita ya mwendo.

Baba mdogo, ambaye ni fundi wa magari hapa Kitengela, alisema, "Mzee, tung'oe hii takataka, tukate plaiwudi mpya, tubandike fomaika. Ni kazi ya siku moja tu!" Babu akanyamaza. Mimi, kwa heshima zote, nilipinga, na bado napinga.

Kwanza, ubao haujaoza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ubomoe nyumba kwa sababu ya ufa! Vinia iliyoinuka hutiwa gundi na kubanwa kwa klampu hadi ikauke. Vanishi kuukuu hukwanguliwa, msasa laini hupitishwa kufuata mistari ya mbao, kisha vanishi mpya hupakwa nyepesi mara kadhaa, kila mara ikiachwa ikauke. Lakini haraka haraka haina baraka. Vinia haifiki hata unene wa milimita moja, nami niliitoboa mahali pamoja kwa pupa yangu.

Pili, vya kale vina thamani. Nani angeng'oa mlango wa nakshi kule Lamu ati kwa sababu umechujuka? Mji ule uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa kutunzwa. Hata Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, ambapo magari ya zamani hukaguliwa nje, ndani, hadi uvunguni.

Najua baba mdogo ana hoja. Plaiwudi ikioza kwa maji yanayovuja kiooni, ibadilishwe, la sivyo mita zitalegea. Hata hivyo, ubao wa zamani usichomwe kuni. Ndio kielelezo cha kukatia mpya, maana matundu yote ya mita na swichi yako pale.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Upande wa abiria vanishi imelika mahali padogo, upana wa kiganja. Hapo ndipo marehemu nyanya alipokuwa akishika gari likipita kwenye mashimo. Nilipofika pale na msasa, babu aliniambia, "Hapo acha, mjukuu wangu." Nikaacha. Siku hizi macho yake hayamruhusu kuendesha, lakini jioni huketi ndani ya gari na kuweka mkono papo hapo.

Je, fomaika ingemrudishia hicho?

Wenzangu, kabla hatujatupa kitu cha wazee wetu, tuwaulize kwanza kinahifadhi nini. Baba mdogo mwenyewe ameniletea kopo la vanishi. Tutamaliza kazi likizo ijayo, ila pale pa nyanya hatupagusi.