Kitanda Wasichokilalia

Mvuvi anayevua kwa chandarua cha mbu hupewa jina moja tu: mjinga. Lawama hiyo huelekezwa sana kwa watu wa maziwa, wakiwemo wa Mkoa wa Luapula, Zambia. Mimi naipinga. Ujinga wa kwanza ni wa aliyekibuni bila kumjua atakayekitumia.

Shirika la Afya Duniani hutaka chandarua chenye dawa kistahimili kufuliwa mara 20 na kidumu miaka 3. Vipimo ni vizuri, lakini vinamdhania mtu wa namna moja: ana nyumba, ana mahali pa kukitundika, na usiku hulala. Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, malaria ni kali mno. Huko mvuvi wa chisense, yaani dagaa wa ziwa hilo, huingia majini usiku na taa, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mbu wanapouma, yeye yuko mtumbwini. Akiwa kambini, malazi yake ni kibanda cha nyasi. Hapo chandarua atakitundika wapi, na saa ngapi?

Kwa upande mwingine, chandarua ni chepesi, imara, chenye matundu madogo, na hugawiwa bure. Mbunifu aliona kinga ya usingizi. Mwenye njaa ameona wavu. Nani kati yao amekitazama kwa makini zaidi?

Wapo watakaosema vyandarua vimeokoa watu. Ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kinga mbalimbali zilizuia visa milioni 663 vya malaria Afrika tangu mwaka 2000, na zaidi ya theluthi mbili ni kazi ya vyandarua. Ni kweli pia kwamba wavu huo hunasa samaki wachanga, na dawa yake ni sumu kwa samaki. Sitetei uharibifu huo. Ninachokataa ni neno "matumizi mabaya", kwa sababu humhukumu mvuvi na kumwachia huru mbunifu. Mahubiri ya afya hayajazi sufuria.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi wenzangu mnaosomea ubunifu, kabla ya kuandika neno "mtumiaji", jibuni kwanza: saa sita usiku mtu huyo yuko wapi, na anafanya nini?