Tiketi Ninayo, Shida ni Kurudi Kitengela

Wasee, Desemba ndiyo summer yetu. Summer bunnies wakishatua kutoka ng'ambo, kila wikendi kuna shoo Nairobi. Desemba iliyopita niliingia shoo nne. Mwisho niliuona wa moja tu.

Mimi ni wa Kitengela. Shoo iko Uhuru Gardens, huko Barabara ya Lang'ata, msanii mwenye tulimjia anapanda jukwaani saa saba usiku, na mimi tangu saa nne nawaza mathree ya mwisho. Ile ya tatu nikasema leo sitoki. Tiketi ilikuwa 2,500, teksi ya kurudi ikaitisha 3,000. (Niliacha chuo, sikuacha hesabu.) Tulikaa kwa kituo cha petroli hadi saa kumi na moja, mimi na mabeste wawili, viatu mkononi. Soja alikuwa mpoa, lakini si kila soja ni mpoa, na mmoja wetu ni dem. Binamu yangu wa Kajiado mjini hata hajaribu tena.

Halafu mnatuambia hatusapoti wasanii wa kwetu.

Blankets & Wine ilianza 2008 kama pikniki ya mchana, na watu walikuja. Kwa hivyo mapromota, mnaweza. Mpandisheni msanii mkubwa saa mbili, ama mlete shoo moja huku. Watu tuko.

Desemba hii nishanunua tiketi moja. Kama uko na gari na unarudi Kitengela, niandikie, tuchangie mafuta.