Golani: Kukaa Juu Si Haki

Tumewasikia Wakristu wengine, wakitoka katika Misa, wakisema: "Golani ni ya Israeli, imeandikwa katika Biblia." Wengine, wasomao magazeti, hujibu: "Biblia au si Biblia, aliye juu asishuke, maana akishuka atapigwa." Maneno hayo yote mawili twayakataa.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Golani ni uwanda wa juu, wenye mawe meusi yaliyotoka katika volkano za zamani. Kaskazini wasimama mlima Hermoni, wenye meta 2,814. Kusini wapita mto Yarmuki. Magharibi nchi yaporomoka ghafula mpaka bonde la Yordani na ziwa la Galilaya, ambalo maji yake yako meta 200 na zaidi chini ya usawa wa bahari. Mashariki hakuna ukuta: Damasko iko kilometa 60 hivi. Basi, asimamaye juu huko aziona nchi mbili. Kabla ya 1967 mizinga ya Siria ilivipiga vijiji vya Waisraeli bondeni, na watoto walilala katika mahandaki. Hilo ni kweli, wala hatulifichi.

Juni 1967 Israeli iliuteka uwanda huo. Desemba 1981 ikatunga sheria ya kuufanya wake. Siku tatu baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likasema sheria hiyo ni batili. Marekani peke yake iliikubali, mwaka 2019.

Sasa tazameni hoja hii ya urefu yaenda wapi. Uwanda ulitwaliwa ili kulilinda bonde. Kisha Waisraeli wakajenga vijiji juu ya uwanda, navyo vikataka kulindwa. Desemba 2024, serikali ya Assad ilipoanguka, askari wakauvuka mstari uliowekwa 1974, wakashika kilele cha Hermoni upande wa Siria. Kilima kimoja chadai kingine, nacho chadai cha tatu. Na mtu wa Damasko, je, yeye hana watoto wa kulaza? Tena urefu wenyewe haukingi kitu: tarehe 27 Julai 2024 roketi iliangukia kiwanja cha mpira cha Majdal Shams, huko huko juu, ikaua watoto na vijana 12. Wengine watatutajia maji ya Yordani. Lakini leo Israeli yapata sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa baharini, kwa mitambo ya kuondoa chumvi.

Na Biblia? Ni kweli, kitabu cha Yoshua, sura ya 20, chautaja mji wa Golani katika nchi ya Manase. Lakini wautaja kwa kazi gani? Ulikuwa mji wa kukimbilia, aponee humo mtu aliyeua bila kukusudia. Mwaka 1967 makumi ya maelfu ya Wasiria waliukimbia uwanda huo. Mei 2001 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alisali katika kanisa lililobomolewa la Kuneitra, akaomba amani kwa wote wa nchi zile.

Wadruze wa Majdal Shams walitengwa na jamaa zao kwa seng'enge. Miaka mingi walisimama ukingoni mwa bonde wakiwaita kwa vipaza sauti: nani ameolewa, nani amezaa, mama amefariki. Hao hatujasikia wakitajwa mlangoni pa kanisa.